Daftari la Vifaa Vikaidi

Leo tunazungumzia vifaa vya USB: flashi, modemu, printa, kamera, na nyaya zote tunazochomeka kwenye kompyuta. Hasa tunavizungumzia vile vikaidi. Unakichomeka kifaa, kompyuta haikioni. Au inakiona, lakini kwa sura isiyo yake. Hapo lawama ni ya nani? Ya aliyekitengeneza kifaa? Ya walioandika mfumo endeshi wa kompyuta? Au yako wewe uliyetoa fedha yako dukani?

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalieleza. Mfumo endeshi mzuri hukipokea kifaa kama kilivyo, pamoja na kasoro zake, na kasoro hizo huandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma. Mfumo ninaoutolea mfano ni Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Huenda ukasema huitumii Linux. Lakini simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na ruta nyingi, runinga nyingi na ving'amuzi vingi hali kadhalika. Kwa hiyo jambo hili lipo mkononi mwako, hata kama hujawahi kulitafuta.

Tuanze na modemu. Miaka ya 2008, 2009 na 2010, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, watu wengi walipata intaneti yao ya kwanza ya nyumbani kwa kidude chenye umbo la flashi na nafasi ya laini ya simu ubavuni. Nyingi za modemu hizo zilitengenezwa na kampuni mbili za China, Huawei na ZTE. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows, kwanza inatokea alama ya CD, halafu programu ya kampuni ya simu inajisakinisha, halafu intaneti inafunguka. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya Linux ya wakati ule, ilitokea hiyo alama ya CD, basi. Ungesubiri hadi kesho yake, modemu usingeiona. Mafundi wengi wakawa wanamwambia mteja kwa nia njema kabisa: Linux haipati intaneti, nikuwekee Windows.

Kumbe modemu ilikuwa nzima, na Linux ilikuwa nzima. Ili tuelewe tatizo lilikuwa wapi, inabidi turudi nyuma kidogo.

Kiwango cha USB kilitolewa Januari 1996, kazi ya kampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC, na Northern Telecom ya Canada. Kabla yake, nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu la printa, tundu la kibodi, tundu la mausi, tundu la modemu, kila moja na umbo lake na taratibu zake. Kampuni hizo zilikusudia tundu la namna moja kwa kila kifaa, na kifaa chenyewe kijitambulishe. Ni sawa na mgeni anayepiga hodi: kabla ya kukaribishwa ndani, anataja jina, anataja ukoo, na anaeleza kilichomleta.

Kifaa cha USB kikichomekwa, kompyuta hukiuliza wewe ni nani, nacho hujibu kwa maelezo mafupi ya baiti 18. Ndani yake zimo namba mbili muhimu. Ya kwanza ni ya mtengenezaji. Ya pili ni ya bidhaa. Huawei, kwa mfano, ni 1-2-d-1, na ZTE ni 1-9-d-2. Kisha kifaa hutaja kundi lake. Kundi la 3 ni kibodi, mausi na jamaa zao. La 7 ni printa. La 8 ni vifaa vya kuhifadhi data, kama flashi na diski za nje. La 14 ni kamera za video. Kifaa kikitaja kundi mojawapo kati ya haya na kikafuata kanuni zake, mfumo endeshi hauna haja ya kujua kimetengenezwa na nani. Draiva moja, yaani programu ya kukiongoza kifaa, inahudumia flashi zote za dunia. Huo ndio uzuri wa kiwango, na ndiyo sababu flashi uliyoinunua Mombasa inasomeka Kigoma bila CD wala maelekezo.

Lakini lipo pia kundi nambari 255. Hili kiwango kimeliacha wazi: kifaa kinachojitaja 255 kinasema kina lugha yake, na anayeijua ni mtengenezaji wake. Si kosa, kiwango kinaruhusu. Ila mtengenezaji asipoichapisha lugha hiyo, kifaa hakitumiki popote pale isipokuwa kwenye mfumo aliouandikia draiva yeye mwenyewe. Hao ndio wakaidi wa aina ya kwanza. Wa aina ya pili ni wagumu zaidi: wanataja kundi halali, wanaahidi kufuata kanuni zake, halafu hawazifuati.

Sasa turudi kwenye modemu. Ile alama ya CD ilitoka wapi? Iliwekwa kwa makusudi, na kwa sababu ya maana. Mtu anayenunua modemu hana intaneti bado, kwa hiyo huwezi kumwambia akapakue draiva. Ukimpa draiva kwenye CD, CD inapotea. Tena kompyuta nyingi ndogo za wakati ule hazikuwa na sehemu ya kuwekea CD. Watengenezaji wakaihifadhi draiva ya Windows ndani ya modemu yenyewe, na modemu ikichomekwa inajitambulisha kwanza kama kisoma CD. Windows inaisoma CD hiyo, inasakinisha draiva, na draiva inaitumia modemu ujumbe maalumu. Modemu ikiupokea inajikata, kisha inajitokeza tena, safari hii kama modemu. Nyingi za Huawei zilijitambulisha kwanza kwa namba ya bidhaa 1-4-4-6, na zikishageuka namba inakuwa nyingine, kwa mfano 1-0-0-1.

Shida ni kwamba ujumbe huo wa kugeuza hauko kwenye kiwango, na haukuchapishwa. Modemu moja ilitaka amri ya kawaida ya kutoa CD. Nyingine ilitaka ujumbe wa baiti 31 uliopangwa kwa namna yake. Linux ilisoma kundi la kifaa, ikaona ni kisoma CD, ikakiheshimu kama kisoma CD. Ilitii kiwango neno kwa neno, na mwenye modemu akakosa intaneti.

Aliyesaidia kulitatua hakuwa kampuni ya simu wala kiwanda. Ni mtu aitwaye Josua Dietze, aliyeandika programu ndogo iitwayo usb_modeswitch. Kazi yake ni moja tu: inaitambua modemu iliyojivika sura ya CD, inaitumia ujumbe wake sahihi, na modemu inageuka. Lakini ujumbe sahihi wa kila modemu ulipatikanaje? Wenye modemu waliichomeka kwenye Windows, wakatumia programu ya kunasa mawasiliano ya USB, wakatazama baiti zinazopita pale modemu inapogeuka, wakaziandika na kuzituma. Hivyo orodha ikakua, modemu baada ya modemu. Programu hiyo ikaingia kwenye matoleo ya Linux kama Debian, Ubuntu na Fedora, na kwenye OpenWrt, mfumo unaoendesha ruta nyingi. Leo unaichomeka modemu ya zamani kwenye kompyuta ya Linux, inageuka kabla hujamaliza kukaa kitini. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Modemu ni mkaidi wa kukusudia. Wapo wakaidi wa bahati mbaya, na hapa nitawaomba mnifuate polepole, kwa sababu ndipo penye somo kubwa.

Chukua flashi, au kisoma kadi, au diski ya nje. Kompyuta inakiuliza: una ukubwa gani? Kanuni inasema kifaa kitaje namba ya sekta yake ya mwisho. Sekta, yaani vipande vya hifadhi, zinahesabiwa kuanzia sifuri. Kwa hiyo kifaa chenye sekta milioni moja kinapaswa kujibu 999,999. Vimekuwepo vifaa kadhaa vinavyojibu milioni moja kamili. Aliyeandika programu ya ndani ya kifaa alichanganya idadi ya sekta na namba ya sekta ya mwisho. Tofauti ni moja tu. Lakini mfumo endeshi unaopenda kusoma mwisho wa diski, kwa sababu huko huhifadhiwa taarifa za namna diski ilivyogawanywa, unakwenda kuisoma sekta nambari milioni moja, ambayo haipo. Baadhi ya vifaa vikiulizwa kisichokuwepo vinaganda kabisa. Mwenye flashi anaona picha za harusi zimepotelea humo. Kwenye kompyuta ambayo haiigusi sekta ile ya mwisho, kosa linajificha, na kiwandani wanaamini kifaa ni kizima.

Mfano mwingine. Kompyuta ikikutana na kifaa cha kuhifadhi data, hukiomba maelezo ya jina na aina yake, na hutaja inataka baiti ngapi za majibu. Kanuni inaruhusu idadi tofauti. Windows ilikuwa na desturi ya kuomba baiti 36. Vifaa vingi vikajaribiwa na Windows tu, vikajua kujibu 36, na baadhi vikiombwa idadi nyingine vinaanguka. Wasanifu wa Linux walikuwa na haki ya kuomba idadi nyingine, kwa mujibu wa kitabu cha kanuni. Wakaamua na wao waombe 36.

Hata ile salamu ya kwanza kabisa, ya kukiuliza kifaa wewe ni nani, ina kisa chake. Linux ya zamani iliomba kwanza baiti 8 za utambulisho, kisha ikaomba zilizobaki. Windows iliomba baiti 64 kwa mkupuo, ingawa maelezo yenyewe ni baiti 18, kisha ikakianzisha kifaa upya. Njia zote mbili ni halali. Lakini vikatokea vifaa ambavyo vikiulizwa kwa njia ya kwanza vinachanganyikiwa, kwa sababu kiwandani havikuwahi kuulizwa hivyo. Linux ikajifunza njia ya Windows, ikabaki na zote mbili; moja ikishindikana inajaribu ya pili.

Msikilizaji, hebu tulipime hilo. Kitabu cha kanuni kimeandikwa na kuchapishwa, kila mtu anaweza kukisoma. Lakini mhandisi wa kiwandani, mwenye tarehe ya kupeleka mzigo bandarini, anakichomeka kifaa chake kwenye kompyuta iliyo mezani. Kikifanya kazi, anafunga kazi. Kwa hiyo kiwango kinachotawala sokoni ni tabia ya mfumo wenye watumiaji wengi zaidi, na kitabu kinafuata nyuma. Mwenye mfumo wa pili ana njia mbili. Anaweza kushika kitabu mkononi na kusema mimi ndiye niliye sahihi, wewe mwenye flashi kalalamike kiwandani. Au anaweza kuangalia ni nani anayeumia. Kiwanda hakiumii, kimeshauza. Anayeumia ni mwanafunzi ambaye kazi yake iko kwenye flashi hiyo. Walioandika Linux walichagua njia ya pili, nami naamini walichagua vyema.

Sasa kasoro hizi wanazipokeaje bila kuuharibu mfumo mzima? Huwezi kubadili taratibu za flashi zote duniani kwa ajili ya flashi moja isiyojua kuhesabu. Hapo ndipo linapokuja daftari. Ndani ya msimbo wa kiini cha Linux kuna faili liitwalo unusual_devs.h, orodha ya vifaa vya kuhifadhi data visivyo vya kawaida. Liko wazi, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua. Lina mamia ya vifaa. Kila kimoja kina namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, matoleo yanayohusika kuanzia lipi hadi lipi, jina lake, na mwisho alama inayosema kitendewe nini. Alama moja inasema: hiki kinataja sekta moja zaidi, kipunguzie. Nyingine inasema: hesabu zake za mabaki ya data ni za uongo, zipuuze. Juu ya vingi limeandikwa jina la mtu aliyeripoti tatizo. Kuna orodha nyingine ya namna hiyo kwa vifaa vya USB kwa jumla: vile visivyoamka vizuri baada ya kulazwa ili kuokoa umeme, au vile vinavyoganda vikiulizwa jina lao kwa baiti 255.

Napenda hasa lile sharti la matoleo. Daftari halisemi bidhaa ya kampuni fulani ni mbovu milele. Linasema toleo hili hadi toleo lile lina kasoro hii. Mtengenezaji akirekebisha, toleo lake jipya halimo, linahudumiwa kama kifaa chochote chenye kufuata kanuni. Na jina haliingii kwa uvumi. Wanaolitunza huomba ushahidi: namba za kifaa, na kumbukumbu za mawasiliano zinazoonyesha kosa lenyewe.

Kazi hii ina watu wake. Miaka ile kamera za kompyuta zilipoanza kuenea, karibu kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mfaransa mmoja, Michel Xhaard, daktari wa binadamu kwa taaluma, aliandika draiva iitwayo GSPCA iliyowezesha kamera zaidi ya 200 kufanya kazi kwenye Linux. Aliifanya nje ya saa zake za kazi. Mwaka 2008 kazi hiyo iliingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux. Baadaye kamera nyingi zikafuata kundi la 14, kundi la video, na leo kamera mpya kwa kawaida inafanya kazi bila draiva yake maalumu. Kiwango kizuri kikikubaliwa na watengenezaji, kinaondoa hitaji la kishujaa la mtu mmoja kuandika draiva usiku. Lakini kamera za zamani bado zipo kwenye shule na ofisi, na bado zinaona, kwa sababu yake.

Au tazama printa. HP LaserJet 1020 ni ndogo na imara, mashine inayodumu miaka mingi kazini. Ina tabia moja: programu yake ya ndani haikai ndani yake ikizimwa. Kila inapowashwa, kompyuta lazima iitumie upya programu hiyo, ndipo iweze kuchapisha. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi, maana yake ni kwamba kompyuta lazima iujue utaratibu huo na kuurudia kila mara. Tena kurasa zenyewe inazitaka katika mpangilio wake wa pekee. Kwenye Linux, mtu aitwaye Rick Richardson aliuchambua mpangilio huo na kuandika draiva ya printa hizo na ndugu zake. Mashine ambazo zingekuwa takataka baada ya mtu kubadili mfumo wa kompyuta zikaendelea kutoa barua na fomu za maombi.

Msikilizaji, kuna njia nyingine ya kushughulika na kifaa kisicho cha kawaida, na historia imetuonyesha. Kampuni ya FTDI ya Scotland hutengeneza chipu ndogo inayounganisha USB na mitambo inayotumia porti ya zamani ya siriali: vifaa vya maabara, mizani, ruta za ofisini, bodi za wanafunzi wa elektroniki. Chipu hiyo ilighushiwa sana. Zikawa sokoni chipu za bandia zinazojitambulisha kwa namba ya FTDI, 0-4-0-3. Oktoba 2014, draiva mpya ya kampuni hiyo ilisambazwa kupitia masasisho ya Windows. Ikikuta chipu ya bandia, iliibadilishia namba ya bidhaa kuwa sifuri. Kuanzia hapo kifaa hakikutambulika, hata ukikihamishia kompyuta nyingine. Watu waliamka wakakuta vifaa vyao vimekufa. Malalamiko yakawa makubwa, na kampuni ikaiondoa draiva ile.

Ninaiheshimu haki ya kampuni kulinda jasho lake. Kughushi ni wizi. Lakini fikirini ni nani aliyepigwa. Mwanafunzi aliyenunua waya dukani hana njia ya kuipasua chipu na kuitazama kwa hadubini. Hata muuzaji huenda hajui. Mwenye kiwanda cha bandia hakuguswa hata kidogo. Na upande wa Linux walifanyaje? Kabla mwaka huo haujaisha, kiini cha Linux kiliongezewa mistari michache: namba ya FTDI yenye namba ya bidhaa sifuri nayo ihudumiwe. Vifaa vilivyouawa vikafufuka. Mkono mmoja ulitumia draiva kumwadhibu mnunuzi, mkono mwingine ukaitumia kumrudishia mali yake.

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, maana zipo, na si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza: mkimbebea mtengenezaji kila kosa, atajifunza lini? Nakubali kwamba kosa lisiloonekana halirekebishwi. Lakini daftari la wazi ndilo linaloliweka kosa hadharani, lenye namba ya mtengenezaji na toleo la bidhaa yake. Kinachoficha kosa ni draiva ya siri ambayo ndani yake wameziba tobo bila kumwambia mtu. Na mahali pa kumbana mtengenezaji ni kabla bidhaa haijafika dukani: kwenye vyeti, kwenye zabuni, kwenye ukaguzi. Mlango wa mnunuzi si mahali pake.

Hoja ya pili: gharama. Hii ni kweli. Mara nyingine kukivumilia kifaa kunapunguza kasi. Ipo njia ya mawasiliano ya diski za nje iitwayo UAS, yenye kasi kuliko ile ya zamani. Baadhi ya makasha ya bei nafuu ya kubebea diski yanadai kuiweza, kisha yanakwama katikati ya kazi. Waliotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, wakiiunganisha na diski za namna hiyo wanalijua tatizo. Suluhisho ni kuuambia mfumo usitumie UAS kwa kasha hilo. Kasi inapungua, lakini data inasalimika. Kati ya kasi na data, chagua data.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: usalama. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha, kwenye mkutano wa Black Hat huko Las Vegas, kwamba programu ya ndani ya flashi inaweza kubadilishwa ili flashi ijitambulishe kama kibodi na kuandika amri kwenye kompyuta yako. Hiyo inaitwa BadUSB. Je, mfumo unaopokea vifaa vya kila namna haujifungulii hatari? Angalieni vizuri: kifaa cha BadUSB kinafuata kanuni zote za kibodi. Ukali wa kufuata kitabu hauwezi kukizuia. Kinachozuia ni ruhusa. Linux inaweza kukitambua kifaa bila kukiruhusu kufanya kazi, na ipo programu ya USBGuard inayompa mwenye kompyuta uamuzi wa vifaa vipi viruhusiwe. Kukijua kifaa ni jambo moja, kukiruhusu ni jambo jingine, na mfumo mzuri una vyote viwili.

Hayo yanatupeleka kwetu sisi. Wanaolitunza daftari hili wengi wako Ulaya, Marekani na Asia. Wanaandika kasoro za vifaa wanavyovishika au wanavyoletewa taarifa zake. Masoko yetu yana vifaa vyake. Kariakoo ya Dar es Salaam, na Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta nyaya, visoma kadi na makasha ya diski yasiyo na jina la kampuni hata moja, yaliyonunuliwa kwa bei tunayoiweza. Vingine ni mitumba iliyotumika kwingine na kusahauliwa huko. Kifaa kinachouzwa kwetu peke yetu hakitaingia daftarini hadi mmoja wetu akiandike. Hapo ndipo penye pengo, na pengo hilo hakuna mwingine wa kulijaza.

Nawaambia basi mafundi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Mteja akikuletea kifaa ambacho Linux haikitambui, usikimbilie kusema ni kibovu. Fungua dirisha la amri, andika lsusb. Utaona zile namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kisha andika dmesg, usome kiini cha mfumo kilisema nini wakati kifaa kinachomekwa. Kama ni modemu inayoonekana CD, sakinisha usb_modeswitch. Kama ni diski inayokwama, unaweza kujaribu alama ya daftari kwa muda wakati wa kuiwasha kompyuta, kupitia kipengele kiitwacho usb-storage.quirks, bila kugusa msimbo wowote. Tangu mwaka 2018, kipo pia usbcore.quirks kwa vifaa vingine vya USB. Hivyo ndivyo utakavyojua ni kasoro gani.

Ukishajua, usiishie hapo. Mteja mmoja amepona, wenye kifaa kama chake bado. Andika namba zote mbili, toleo la mfumo, maneno ya dmesg, na alama iliyofanya kazi, uwatumie wanaotunza sehemu hiyo ya Linux. Majina na anwani zao zimo kwenye faili la MAINTAINERS ndani ya msimbo wenyewe. Barua zenyewe huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kifupi. Usipokiweza, muombe mwenzako. Walimu wa vyuo, hili ni zoezi bora kuliko mitihani mingi: mwanafunzi anayesoma taarifa za kifaa, akapata kosa, akalithibitisha na kulipeleka, amejifunza kompyuta inavyofikiri, na mstari wake utasafiri hadi kwenye mashine ambazo hatawahi kuziona.

Nanyi mnaonunua kwa ajili ya shule, hospitali na ofisi za umma, nguvu yenu ni kubwa kuliko ya fundi yeyote. Andikeni kwenye zabuni kwamba kamera ifanye kazi kwa kundi la kawaida la video, kwamba printa ichapishe bila draiva ya kampuni moja, kwamba diski ijaribiwe kwenye mfumo zaidi ya mmoja kabla ya kupokelewa. Ombi hilo halina gharama siku ya kulitoa. Kutoliandika kuna gharama miaka mitano baadaye, kampuni ikiacha kutoa draiva wakati mashine bado ni nzima.

Kifaa chenye kasoro bado ni mali ya mtu, amekitolea jasho. Kinahitaji mtu mmoja wa kuieleza kasoro yake kwa ukweli, na mahali pa wazi pa kuiandika. Mahali pameshapatikana tangu zamani. Wiki hii, kabla ya kukitupa kifaa ambacho kompyuta yenu haikitambui, zisomeni namba zake na mziandike.